Picha Iliyochorwa Baada ya Mazishi

Inspekta Pelagia Mafuru alikuwa Dar es Salaam kwa kozi ya wapelelezi, na Jumapili hiyo hapakuwa na darasa. Wenzake walikwenda kutafuta samaki wa kukaanga. Yeye ni mtu wa Musoma, samaki amemla tangu hajaota meno. Akaona afadhali aingie kwenye yale maonyesho ya sanaa ambayo bango lake lilikuwa limetundikwa mkabala na hosteli yao.

Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mbao nyeupe, kibanda baada ya kibanda. Huku vinyago vya vyuma chakavu, kule picha zilizoshonwa kwa kanga kuukuu, kwingine televisheni zimepangwa ukutani, zote zikimwonyesha mtu mmoja anaosha vyombo. Watu walitembea polepole, mikono nyuma, kama wanaopanga foleni ya kuaga maiti. Pelagia alitazama hiki na kile, mengine akayaelewa, mengine akayaacha. Alikuwa karibu kutoka alipofika kibanda cha mwisho, akasimama.

Picha ilikuwa pana kuliko mikono yake akiinyoosha. Ziwa la asubuhi, rangi ya bati lililozeeka. Mitumbwi imevutwa mchangani. Wanawake wawili wameinama kwenye nyavu za kuanikia dagaa. Na nyuma yao, upande wa kushoto, nguzo tano za banda lililoungua, zimesimama bila paa. Kadi ndogo pembeni ilisema: Mwaloni, Musoma. Revocatus Wanjara. Chini yake, kwa herufi ndogo: marehemu.

Pelagia alisoma kadi, akarudi kwenye nguzo, akaisoma kadi tena.

Nguzo zile alizijua. Banda hilo la dagaa, pale mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki, liliungua mwezi wa sita, na jalada la moto lilikuwa lake. Alichuchumaa kwenye majivu yake asubuhi nzima akitafuta moto ulipoanzia, na alipata jibu kwenye nguzo zenyewe: zilikuwa zimeliwa chini zikawa nyembamba kama mpini wa jembe, ila juu bado nene, kwa sababu kuna mtu alimwaga mafuta ya taa sakafuni. Ya pili ilikuwa imeinama kuelekea ziwani. Kabla mwezi haujaisha, mwenye banda alizing'oa zote akajenga kwa matofali.

Na Revocatus Wanjara, mchoraji, alikufa maji mwezi wa nne. Alizikwa kwao Butiama, mvua za masika zikinyesha juu ya jeneza. Musoma nzima iliisikia habari hiyo redioni.

"Karibu, dada. Hiyo ndiyo inayozungumzwa na ukumbi mzima."

Aliyesema hivyo alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa kofia ya kufuma na koti jepesi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kukaribisha.

"Aliichora lini?" Pelagia aliuliza.

"Ndiyo ya mwisho. Aliimaliza mwezi wa tatu, muda mfupi kabla ziwa halijamchukua. Niliipokea mkononi mwake, rangi haijakauka vizuri."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Wakala wake. Naitwa Nassibu. Mtoto wa Musoma mimi, tumekua wote. Nilimshika mkono akiwa hana jina, na nikamzika mwenyewe."

"Imeshanunuliwa?"

"Wanaigombania." Nassibu aliitazama picha kwa upole. "Marehemu hachori nyingine, dada. Mnunuzi yeyote analijua hilo."

"Pole kwa msiba," Pelagia alisema. Aliomba ruhusa ya kuipiga picha kwa simu, akapewa. Hakusema kwamba ni polisi.

* * *

Mkuu wake wa upelelezi mjini Musoma, Afande Baltazari, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mchoraji anaweza kuchora hata kitu ambacho hakijatokea," alisema. "Ndiyo kazi yao."

"Kweli, afande. Anaweza kubuni banda lililoungua. Lakini nguzo tano, ya pili imeinama upande wa maji, na zote zimeliwa chini kuliko juu? Huko si kubuni. Huyo alisimama pale akaona."

Baltazari aliikuza picha kwenye simu kwa vidole viwili. "Basi kuna mambo mawili. Ama kuna mtu anachora kwa jina la marehemu, ama marehemu si marehemu."

"Na kama si marehemu kuna la tatu."

"Lipi?"

"Tulimzika nani?"

Mkuu alivua miwani akaiweka juu ya meza. Maiti ile, wote walikumbuka, ilitolewa kwenye matete ikiwa imekaa majini siku nyingi. Uso haukuwa uso tena. Ilitambuliwa kwa shati lenye madoa ya rangi na kwa kitambulisho kilichokuwa mfukoni. Mke alikubali. Wakala alikubali. Hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kubisha.

"Anza na lile la kwanza," alisema Baltazari. "Ni jepesi zaidi. Na mimi ningependa liwe hilo."

Pelagia naye angependa liwe hilo. Alimchukua Sajini Samweli, wakaenda kwa Amini.

Amini alikuwa mwanafunzi pekee wa Revocatus. Siku hizi aliandika mabango ya maduka na majina ya mitumbwi kwenye kibanda chake karibu na soko. Alipowaona alifuta mikono kwenye suruali muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unachora siku hizi, au mabango tu?"

"Mabango tu. Picha hazina mteja huku."

Samweli alikuwa tayari ameshapita nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani. Alirudi na turubai iliyobanwa kwenye mbao nne, akaigeuza mwangani. Ziwa. Mitumbwi. Nguzo tano. Pembeni, herufi mbili: R.W.

Amini alikaa kwenye kopo la rangi.

"Hizo ninauzaga kwa wageni wanaopita kwenda mbugani," alisema. "Njaa, afande. Sijawahi kupeleka hata moja Dar."

"Uliiona wapi hii?"

"Kwenye simu. Ile ya kwenye maonyesho imesambaa, kila mtu ameituma. Nikainakili."

Pelagia aliweka simu yake kando ya turubai. Alitazama moja, akatazama nyingine. Nguzo za Amini zilikuwa nene chini, zinapungua kwenda juu, kama miti yote ya dunia.

"Kwa nini hukuzichora kama zilivyo?"

Amini aliinama kutazama. "Nguzo si huwaga nene chini? Nilidhani simu ndiyo imeharibu."

"Mwezi wa sita ulikuwa wapi?"

"Nimelazwa Mwanza, mguu. Bodaboda iliniangusha. Karatasi za hospitali ninazo, na shangazi yangu alikuwa ananiletea chakula, muulizeni."

Samweli alitoka nje kupiga simu. Aliporudi, alimwitikia Pelagia kwa kichwa: ni kweli. Amini hakuwahi kuziona nguzo zile zikiwa zimesimama. Alinakili kitu asichokielewa, na alipofika pale asipoelewa, akarekebisha.

Sasa kijana alikuwa ameishika simu ya Pelagia kwa mikono miwili.

"Afande, utaniona nimechanganyikiwa."

"Sema."

"Haya maji. Nimekaa kwake miaka sita najifunza maji yake, sijaweza. Hii haijachorwa na mtu aliyefundishwa na yeye." Alirudisha simu taratibu, kama kitu cha moto. "Hii kachora mwenyewe. Ila wewe unaniuliza mwezi wa sita. Kwa nini unaniuliza mwezi wa sita?"

Pelagia alitia simu mfukoni, akatoka.

* * *

Butiama, nyumba ya Skolastika Wanjara ilikaa peke yake chini ya kilima chenye mawe makubwa. Mwenyewe alikuwa uani anapepeta ulezi. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Aliwakaribisha polisi bila kushtuka, akawaletea viti, kisha chai katika birika.

Pelagia aliuliza maswali mepesi, yale ambayo mtu huyajibu huku mikono ikifanya kazi. Mazao yalikuwaje. Nani anamsaidia shamba. Nassibu huja?

"Anakujaga. Si mara nyingi."

"Chai yako ina nguvu, mama."

"Ee, mimi naipenda hivyo. Revocatus hanywagi chai ya majani mengi. Anasemaga inamtetemesha mkono."

Upepo ulipeperusha makapi ya ulezi. Pelagia alikishika kikombe bila kukipeleka mdomoni. Kwao mkoani Mara, mtu akifa hata lugha humwacha: aliye hai anasemaga, aliyekufa alikuwaga anasema. Wajane aliowahoji katika kazi yake walikuwa wengi. Wa jana na juzi husahau, wakaita mtu kama vile ameenda kisimani. Lakini huyu alikuwa mjane tangu masika, na sasa vuli ilikuwa imeanza.

"Ningependa kuliona kaburi," alisema.

Mikono ya Skolastika ilisimama. Kisha aliweka ungo chini, akatangulia.

Kaburi lilikuwa ukingoni mwa shamba la mihogo. Udongo ulikuwa umeshuka kidogo katikati. Kichwani pamesimama msalaba wa mninga, umepigwa randa na kung'arishwa, kazi ya fundi mzuri. Haukuwa na jina wala tarehe.

"Fundi hakumaliza?" aliuliza Pelagia.

"Alimaliza."

"Mbona hakuandika?"

"Nilimkataza."

Samweli alitaka kusema kitu, Pelagia akamzuia kwa jicho. Mbali, chini ya kilima, mtu alikuwa anaita ng'ombe.

"Mimi ni Mkristo, afande," Skolastika alisema mwishowe. "Watu wa msiba unaweza kuwadanganya. Wanalia, wanakula, wanaondoka. Lakini msalaba unabaki hapa, na mimi napita hapa kila siku na jembe. Niliona nikiandika jina la mume wangu hapo, nimemwandikia Mungu uongo."

"Amelala nani humu?"

"Sijui." Alisema kwa utulivu, ila midomo yake ilikuwa imekauka. "Mume wangu na Nassibu walikuja kuniambia jambo limeshafanyika. Jeneza limeshafungwa. Kila Jumapili namwomba Mungu amjue, kwa sababu mimi simjui."

"Na mumeo?"

Alitazama mikono yake, kisha mawe ya kilima, kisha Pelagia.

"Yuko kijiji cha Guta," alisema. "Nyuma ya mashamba ya pamba. Msimpige. Hatakimbia."

* * *

Hakukimbia. Asubuhi iliyofuata walimkuta Revocatus Wanjara ameketi mlangoni mwa chumba cha kupanga, anaosha brashi katika kopo. Alikuwa amefuga ndevu na amekonda, lakini alikuwa yeye. Aliwaangalia Pelagia na Samweli wakikaribia, akatikisa maji kwenye brashi, akazipanga juu ya kitambaa moja moja.

"Skola hawezi uongo mrefu," alisema. "Nilijua."

Pelagia alimwambia kwamba yuko chini ya ulinzi, kwamba si lazima aseme neno, na kwamba atakalolisema litaandikwa. Revocatus aliitikia kila kipengele kwa kichwa, kama mtu anayesomewa dawa.

"Mwezi wa sita ulikwenda mwaloni," Pelagia alisema.

"Nilishindwa kukaa bila kuliona ziwa la Musoma. Nilijifunika kofia, nikaenda alfajiri na lori la mkaa, nikarudi. Banda lilikuwa limeungua. Zile nguzo zilinikaa moyoni."

"Nassibu alijua umezichora?"

"Alidhani nachora kwa kumbukumbu. Yeye haangaliagi picha mpaka nyuma. Anaangaliaga pale mnunuzi anapoangalia."

"Nieleze ilivyokuwa."

Akaeleza. Mwaka uliotangulia alikwenda mwenyewe Dar, kwenye maonyesho yale yale. Alisimama kando ya picha zake tangu ukumbi ufunguliwe hadi ufungwe, siku zote, shati limepigwa pasi. Watu walimsemesha mara nyingi. Walimuuliza choo kiko wapi. Katika kibanda cha jirani zilikuwepo picha za mzee aliyefariki, na watu walijaa pale hadi mlangoni. Usingizi ulimkimbia. Njiani kurudi, ndani ya basi, Nassibu alimwambia: unaona, hawa watu wanasubiri ufe. Wakacheka. Kisha hawakucheka tena.

"Basi ikafika mwezi wa nne. Nassibu akanipigia asubuhi mapema, akasema njoo huku kwenye matete, kuna mtu amekufa maji, hana mwenyewe. Nikaenda. Alikuwa amelala kifudifudi. Nassibu akasema ni mvuvi wa visiwani, wimbi limemleta, hatajulikana. Akasema hii ni riziki. Akanivua shati. Akamvika yule mtu." Revocatus aliigeuza brashi moja juu ya kitambaa. "Nilisimama pale kifua wazi. Tukamsukuma ndani ya matete, tukamwacha hadi atakapopatikana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Hukuuliza kitu?"

"Sikuuliza. Ningeuliza ningepata jibu."

Pelagia alisukuma mlango akaingia ndani. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na turubai nyingi zimegeuziwa ukutani. Aligeuza ya kwanza. Uso wa kijana, macho yamefumbwa, maji kwenye kope. Akageuza ya pili. Uso ule ule. Ya tatu, kijana mwenyewe amelala chali, mkono wa kushoto juu ya kifua. Aligeuza zote. Hapakuwa na ziwa hata moja, wala mtumbwi. Alikuwepo kijana huyo tu.

"Hizi Nassibu hajaziona," Revocatus alisema kutoka mlangoni. "Za kwenda Dar nachora mchana. Huyu ananijia bila kumwita."

"Njoo hapa. Mkono huu umeuchora kama ulivyokuwa, au umebuni?"

"Sibuni mkono."

"Kidole cha shahada hakina ncha."

"Hakikuwa nayo. Kilikatika zamani, pamepona. Pamekatika moja kwa moja, kama kwa msumeno."

"Na kucha hizi za kahawia. Damu?"

"Vanishi ya mbao. Harufu yake ilikuwa bado ipo."

Pelagia na Samweli walitazamana. Mvuvi wa visiwani hana vanishi kwenye kucha.

"Alikuwa na jeraha?"

Revocatus alijishika kisogoni. "Hapa. Nassibu alisema ni mwamba, wimbi lilimpigiza."

"Nassibu aliuona uso wake?"

"Vizuri kabisa. Ndiye aliyemshika kichwa."

"Fremu za picha zako zinatengenezwa wapi?"

"Bunda." Alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa kitu cha kawaida. "Fundi simjui. Nassibu hakutaka tujuane, alikuwa anapeleka turubai mwenyewe na kurudi na..."

Pelagia alimwona akiigeukia picha, akiutazama mkono ule alioupaka rangi mara nyingi, kidole kisicho na ncha, kucha za kahawia. Alikaa chini sakafuni, mgongo kitandani, akabaki hapo hadi gari la polisi lilipofika kumchukua.

Pelagia aliivua mojawapo ya zile nyuso kwenye mbao zake, akaiviringisha kwa uangalifu.

* * *

Mafundi seremala wa Bunda wako safu moja nyuma ya barabara kuu, na maranda ya mbao yamejaa njia nzima. Fundi wa kwanza aliyeulizwa, mzee Yusto, aliishika picha mbali kidogo na macho yake.

"Huyu si Shija? Mbona wamemchora amesinzia?"

"Yuko wapi huyu Shija?"

"Yuko Dar. Nassibu alimchukua tangu masika, kuna maonyesho makubwa huko, anatengeneza fremu. Bahati ya mtu. Sisi wengine tuko hapa na vitanda na madirisha."

"Kuna mtu wa hapa ameongea naye tangu aende?"

Mzee Yusto alifikiri. "Salamu zake tunapata. Nassibu anazileta." Aliitazama tena picha, kisha nguo za kiraia za Pelagia, kisha Samweli aliyevaa sare. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. "Mama yake anakaa pale, mlango wa bluu," alisema, na hakuuliza zaidi.

Miriamu alikuwa mama wa Kisukuma, mfupi, mwenye macho makali. Alikuwa anachambua mchicha. Mwilini amejifunga kitenge kipya, maua makubwa ya njano, bado kina ule ukakamavu wa dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni hapo kivulini."

Pelagia alikaa. Alijitambulisha, akasema ametoka Musoma, na kwamba hivi karibuni alikuwa Dar es Salaam kwenye maonyesho ya picha. Uso wa Miriamu ulichangamka.

"Basi umemwona Shija."

Katika kazi ile kuna maneno ambayo hakuna kozi inayoyafundisha. Pelagia aliiweka picha iliyoviringishwa magotini.

"Mama, nieleze kwanza. Siku anaondoka, aliondoka na nani?"

"Na Nassibu, nani tena. Alikuja na gari lake, jioni. Nikawapikia ugali na mlenda. Nassibu akala hapa, kwenye hicho kiti chako. Akanawa, akashukuru. Akasema, mama, huyu nakwenda kumfanya mtu. Wakaenda Musoma walale, kesho yake wapande basi la Dar."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Jumatatu ya Pasaka."

Samweli aliandika. Maiti ilitolewa kwenye matete siku nyingi baada ya Pasaka. Na simu ya Nassibu, kwa maneno ya Revocatus mwenyewe, ilikuja asubuhi. Kijana aliondoka hapa jioni, amenawa, ameshiba, na kabla jua la kesho yake halijapanda alikuwa amelala kifudifudi majini.

"Na tangu hapo?"

"Simu yake imeibiwa huko, Dar wezi wengi. Lakini hajanisahau. Hiki kitenge amemtuma Nassibu aniletee." Aliupapasa upindo wake. "Yeye hajui kuchagua rangi, lakini hiki amechagua vizuri. Nilizaa pacha, Kulwa na Doto, wote wakafa wachanga. Akafuata yeye. Kwa hiyo nina huyo tu. Hiyo uliyoshika ni nini?"

Pelagia alisimama, akaja akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo Samweli hakuwahi kumwona akilifanya. Akaifungua picha.

Miriamu alitazama. Alitazama muda mrefu, na mikono yake ilibaki juu ya mchicha. Kisha aligusa kope zilizochorwa kwa ncha ya kidole, zote mbili, kama anayejaribu kuzifungua.

"Aliyemchora alimwona," alisema.

"Alimwona, mama."

"Akiwa hivi."

"Ndiyo, mama."

Aliinuka. Aliingia ndani, wakamsikia akifungua sanduku. Aliporudi amejifunga kanga iliyochakaa, na kile kitenge amekikunja vizuri, pembe kwa pembe. Alikiweka juu ya kiti alichokalia Nassibu.

"Mtampa mwenyewe," alisema. Ndipo akakaa chini mlangoni, akajifunika uso, akalia. Majirani wakaanza kuja, na mzee Yusto mbele yao, kofia mkononi.

Pelagia alitoka hadi barabarani akampigia Afande Baltazari. Alisema maneno machache. Mkuu alikata simu ili apige nyingine. Baadaye kidogo alirudi hewani: leo ndiyo siku ya kufunga maonyesho, na wenzao wa Dar walikuwa wamemkuta Nassibu kibandani, anamsimulia mama mmoja wa Kizungu jinsi marehemu alivyolipenda ziwa. Alikwenda nao bila fujo. Aliomba tu picha zisiachwe bila mtu wa kuziangalia.

Pelagia aliporudi uani, kilio kilikuwa kimeshuka. Miriamu alimwita kwa mkono.

"Yuko wapi?"

"Butiama. Alizikwa huko."

"Kwa jina la nani?"

"La mwingine, mama. La mchoraji."

Mama yule alilipima neno hilo. "Kwa hiyo hata waliomlilia hawakumlilia yeye."

"Kuna mmoja," alisema Pelagia. "Mwenye shamba lile."

"Nipeleke."

Pelagia alimweleza taratibu: kwamba kaburi litafukuliwa kwa amri ya mahakama, kwamba daktari atahitaji kuona kisogo, kwamba baada ya hapo atakabidhiwa mwanawe amzike atakapotaka. Itachukua muda. Leo hakuna kinachoweza kufanyika.

"Sijasema nataka kufanya kitu," Miriamu alijibu. "Nataka aitwe."

Wakaenda. Kina mama wawili wa jirani walipanda naye kiti cha nyuma, wakamshika mikono hadi Butiama.

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Skolastika aliwaona wakishuka. Hakuhitaji kuambiwa yule mama ni nani. Alisimama ukingoni mwa ua, mikono imekumbatia tumbo, wala hakuthubutu kusogea. Miriamu alipita kati ya mihogo peke yake. Alifika, akainama, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo.

"Shija," aliita. Akangoja kidogo. "Shija. Ni mama yako. Nimechelewa, walinidanganya."

Akakaa hapo. Baada ya muda aliinua kichwa, akamwona yule mwanamke mrefu aliyesimama kwa mbali. Walitazamana. Pelagia alijiandaa kuingia kati yao, kwa maana hakujua litakalotokea.

"Wewe umekaa naye," Miriamu alisema, kwa sauti iliyokwisha nguvu. "Njoo unionyeshe walimlaza kichwa upande gani."

Skolastika alikuja. Alipiga magoti, akaonyesha kwa mkono. Na Miriamu akasogea taratibu hadi upande huo, akaketi pale kichwani kwa mwanawe, akanyoosha miguu, kama mtu aliyefika.